Nyumba ya Majengo na Bei Yake

Ndugu msomaji, huenda ukoo wenu nao una nyumba ya namna hii, au ulipata kupanga chumba ndani yake ulipoanza kazi mjini. Mlango wa mbele uko katikati. Ukiingia unakuta ukumbi mrefu mwembamba unaokwenda moja kwa moja hadi uani, vyumba vitatu kulia na vitatu kushoto. Uani kuna jiko, choo, bafu, kamba za kuanikia nguo na, kwa bahati, mti mmoja wa kivuli. Mbele iko baraza ya saruji ambayo haina mwenyewe, maana kila apitaye ana haki ya kuketi. Nyumba ya aina hiyo ndiyo tuliyoachiwa na marehemu baba yetu katika mtaa wa Majengo, mjini Dodoma. Nataka nizungumze nawe juu ya nyumba hiyo, na mtaa wake, na fedha ambazo watu siku hizi wako tayari kuitolea.

Baba alikuwa mtumishi wa reli, na reli ndiyo iliyouzaa mji huu. Wajerumani walianza kuijenga kutoka Dar es Salaam mwaka 1905, ikafika Dodoma mwaka 1910. Kabla ya hapo palikuwa na vijiji vya Wagogo, ng'ombe wao, na matembe yao yenye mapaa bapa ya udongo. Wazee husimulia kwamba tembo alikwenda kunywa maji katika kijito cha Kikuyu akadidimia matopeni, na kutokana na kudidimia huko mahali pakaitwa Idodomya. Walipokuja watawala wakaugawa mji kama walivyoigawa miji mingine: Uzunguni penye kivuli, Uhindini penye maduka, na Majengo kwa Mwafrika, aliyehitajika mchana kwa kazi na usiku asionekane. Ndiyo maana ukienda Moshi, Songea, Mombasa au Nairobi utakuta Majengo nyingine, na huna haja ya kuuliza ilikuwa ya nani.

Baba aliinunua nyumba hiyo mwaka 1971 kwa akiba ya miaka kumi na miwili. Mwaka ule ule, mwezi Aprili, Serikali ilitaifisha majumba ya kupangisha yenye thamani ya zaidi ya Sh. 100,000, naye baba, mwanachama wa TANU aliyelipa ada yake bila ya kukumbushwa, alipenda kuwaambia wenzake barazani kwamba nyumba yake ilisalimika kwa sababu moja tu, nayo ni kukosa thamani. Kuta zilikuwa za matofali ya udongo yaliyopigwa lipu. Bati zilikuwa kuukuu, na mvua za Desemba zilipoanza tulizitambua sufuria zote za mama kwa sauti zake chini ya matundu. Sisi watu saba tulilala vyumba viwili. Vinne vilipangishwa, na kodi ya vyumba hivyo vinne ndiyo iliyonunua madaftari, sare na viatu. Naomba ulikumbuke jambo hilo, ndugu msomaji, maana nitalirudia: tulisomeshwa na wapangaji.

Oktoba 1973 TANU iliamua kwamba Makao Makuu ya nchi yahamie Dodoma, na kazi hiyo ikakadiriwa kuchukua miaka 10. Ikaundwa Mamlaka ya Ustawishaji Makao Makuu, ambayo kila mtu aliiita CDA, na mwaka 1976 wataalamu kutoka Toronto, Kanada, wakatoa ramani ya mji mpya. Ramani ile ilikuwa na wazo ambalo leo watu wachache wanalikumbuka. Mji haukukusudiwa uwe wa majumba ya fahari wala wa magari. Ulikusudiwa uwe wa watu waendao kwa miguu, kwa baiskeli na kwa mabasi, na makazi yake yajengwe juu ya msingi wa nyumba kumi kumi, kama Chama kilivyokuwa kimejipanga. Sisi wa Majengo tulilipokea wazo hilo kwa furaha, kwani tuliona ndivyo tulivyokuwa tukiishi tayari bila ya ramani ya mtu.

Miaka 10 ikapita, na mingine 10, na mingine tena. Nyumba mpya zilijengwa Area A, Area C na Area D, Bunge likaja, Chuo Kikuu cha Dodoma kikaanzishwa mwaka 2007. Lakini wizara nyingi zilibaki pwani, nami nikabaki nazo, kwani mwaka 1987 niliajiriwa kuwa karani Dar es Salaam. Katika muda huo wote nyumba yetu haikupanda bei wala haikushuka. Ilikaa. Baba alifariki mwaka 2011 akiwa bado anaamini kwamba amewaachia watoto kibanda.

Julai 2016 ndipo mambo yalipogeuka. Rais John Magufuli alitangaza kwamba Serikali yote itahamia Dodoma kabla ya mwaka 2020 kwisha, na safari hii watu walihama kweli. Waziri Mkuu Kassim Majaliwa alihamia Septemba mwaka huo huo. Samia Suluhu Hassan, aliyekuwa Makamu wa Rais, Desemba 2017. Rais mwenyewe Oktoba 2019. Mei 2017 CDA ilivunjwa na shughuli zake zikakabidhiwa Manispaa, na tarehe 26 Aprili 2018 Manispaa ikapandishwa kuwa Jiji. Sensa ya mwaka 2012 ilihesabu hapa watu 410,956; ile ya mwaka 2022 ikahesabu 765,179. Yaani kwa kila watu 10 waliokuwapo, waliongezeka zaidi ya wanane, na kila mmoja wao alitafuta mahali pa kulaza ubavu.

Mmoja wa hao walioongezeka ni mimi. Nilirudi mwaka 2017 pamoja na wizara na makabrasha yake, baada ya miaka 30 ya pwani. Mama alikuwa hai bado, lakini vyumba vyote vya nyumba yetu vilikuwa na watu, na mke wangu hakuwa tayari kupishana na wapangaji ukumbini kila alfajiri. Nikatafuta nyumba Area D. Dalali aliponiuliza kazi yangu nikamjibu kwa ukweli, na bei aliyokwisha kuitaja ikapanda kabla sijamaliza kusema. Niliikubali. Nilikuwa na posho ya uhamisho mfukoni, nilikuwa nimechoka, na nilijiambia kwamba hilo ni jambo langu na mwenye nyumba. Haikunijia akilini kuuliza nani aliishi mle kabla yangu. Baadaye majirani walinieleza: alikuwa mwalimu wa shule ya msingi, mwenye watoto watatu, aliyeambiwa apishe kwa sababu wageni wa Serikali wanakuja.

Kila Jumapili nilikwenda Majengo kumwamkia mama, na kila baada ya miezi michache niliona kitu kimoja kimeondoka. Kwanza ilikuwa baraza ya nyumba ya tatu kutoka kwetu. Juu yake aliketi fundi cherehani, Mrangi wa Kondoa, aliyetushonea sare sisi na baadaye akawashonea watoto wa rika letu. Na pembeni yake, jua lilipopinduka, wazee walicheza bao. Mnunuzi aliivunja baraza apate mahali pa kuegesha gari. Hakuwa na ubaya na mtu. Alikuwa na gari. Fundi akahamishia cherehani yake chini ya mwarobaini wa ng'ambo ya barabara, mwaka uliofuata mwarobaini nao ukakatwa kupisha mfereji, naye akaenda Nzuguni kwa mwanawe. Wazee wa bao hawakupata baraza nyingine. Siku moja nilimkuta mmoja wao mlangoni kwake akicheza peke yake, kete za pande zote mbili.

Kisha nyumba ya pembeni ikageuzwa lodji. Vikao vya Bunge vinapoanza, chumba kimoja humo hulipiwa kwa usiku mmoja kiasi kilichozidi alichokuwa akipokea mama kwa mwezi. Kisha yakaja mageti ya chuma, na kuta ndefu zilizopandwa vipande vya chupa. Kisha ukaja mgahawa unaouza kahawa ya mashine, mahali alipokuwa akikaa muuza kahawa na kashata. Nimeinywa kahawa ile, si mbaya, ila hakuna anayekusalimu.

Aliyenifanya nielewe vizuri ni balozi wetu wa nyumba kumi, mama shupavu mwenye daftari lililovaa jalada la kitambaa. Zamani nyumba kumi zake zilikuwa na kaya zaidi ya arobaini, maana kila chumba kilikuwa na kaya yake. Alijua nani anaumwa, nani amepata mgeni, nani amelala bila ya kula na anaona haya kusema. Nilimkuta akihesabu nyumba zenye geti. Zilikuwa nne kati ya kumi, na wenye nyumba wawili hajapata kuwaona kwa macho. Huzungumza na mlinzi kupitia tundu.

"Mwanangu," akaniambia, "mimi sasa ni balozi wa mageti."

Lakini tusiwe watu wa kulia tu. Barabara iliyokuwa vumbi wakati wa kiangazi na ziwa wakati wa masika sasa ina lami na mfereji. Taa zinawaka usiku, na mabinti wanaotoka sokoni jioni hawana tena haja ya kwenda watatu watatu. Tulipokuwa watoto tulipanga ndoo kwenye bomba tangu saa kumi za alfajiri, tukipigana kwa ajili ya maji ya Mzakwe, na sitaki mjukuu wangu apigane. Mtu anayeusifu umaskini wa zamani aghalabu ni yule aliyeutoka. Swali langu ni jingine: kwa nini kila taa inapowashwa, yule aliyekaa gizani miaka yote hiyo akiisubiri awe ndiye wa kwanza kuhama?

Wala nisijitoe. Mama alifariki mwaka 2019, na Mahakama ya Mwanzo ikaniteua mimi kuwa msimamizi wa mirathi. Chumba tulikuwa tukikipangisha kwa Sh. 25,000 kwa mwezi. Wadogo zangu waliuliza, na walikuwa na haki ya kuuliza, kwa nini tupokee 25,000 ilhali jirani anapokea zaidi ya mara mbili. Tukapandisha hadi 40,000, kisha 60,000. Barua za kuwaarifu wapangaji niliziandika mimi, kwa mwandiko huu huu wa ukarani, na nikazimalizia kwa maneno "kutokana na kupanda kwa gharama za maisha," kana kwamba maisha yaliyopanda yalikuwa yetu peke yetu. Wapangaji wawili waliondoka. Hawakuwa na pa kulalamika. Iliwahi kuwapo sheria ya mwaka 1984 iliyoweka mipaka ya kupandisha kodi na kumwondoa mpangaji, na mabaraza ya kusikiliza mashauri hayo, lakini ilifutwa mwaka 2005. Tangu hapo makubaliano ni ya mwenye nyumba na mpangaji, na wewe uliyepata kupanga unajua ni nani kati yao hushika kalamu.

Mambo haya hayakuanzia Dodoma. Mwaka 1964 mtaalamu wa elimu ya jamii, Ruth Glass, aliandika juu ya mitaa ya makabwela ya London ambayo watu wenye mapato mazuri walikuwa wakiinunua nyumba moja moja, wakiitengeneza na kuipaka rangi, mpaka makabwela karibu wote wakawa wamekwisha kuondoka na mtaa umegeuka sura. Kariakoo yetu ilikuwa mtaa wa nyumba za vyumba sita kama hii yetu; leo uende uzitafute katikati ya maghorofa.

Nilipata kusoma pia habari za Sydney, Australia. Ulikuwapo huko mtaa mkongwe kandokando ya bandari uitwao The Rocks, wenye wapangaji wa tangu enzi za babu zao. Serikali ya jimbo ilitaka kuubomoa ili yasimame maghorofa ya ofisi. Wakazi wakakiendea chama cha wafanyakazi wa ujenzi kilichoongozwa na Jack Mundey, na chama kikatoa jibu ambalo sijapata kulisikia kwingine: wanachama wake hawatabomoa makazi ya watu wasiotaka yabomolewe. Walipoletwa vibarua wengine kufanya kazi hiyo, wakazi na wafanyakazi walijiweka mbele ya mitambo, na polisi wakawakamata, Mundey akiwa mmoja wao. Ilikuwa Oktoba 1973, mwezi ule ule TANU ilipokata shauri juu ya Dodoma. The Rocks ikasalimika. Jirani na hapo likajengwa jengo liitwalo Sirius kwa ajili ya wapangaji wa serikali walioguswa na mabadiliko. Na mwaka 2019, ndugu msomaji, serikali ya jimbo ililiuza jengo hilo hilo kwa mwekezaji, likageuzwa nyumba za watu wenye uwezo. Kilichookolewa na wafanyakazi mwaka 1973 kilikuwa mawe na madirisha. Watu walichukua muda mrefu zaidi kuondoka, basi.

Hapa kwetu nimeona mfano mmoja ulioelekea kwingine, nao ni Magomeni Kota, Dar es Salaam. Kaya 644 ziliondolewa katika nyumba za zamani za Serikali zikabomolewa, watu wakangoja kwa miaka wengi wakiwa wamekata tamaa, na Machi 2022 maghorofa mapya yalizinduliwa na kaya hizo zikapewa nafasi ya kurudi. Nililifurahia jambo hilo. Lakini tazama tofauti: wale walikuwa wapangaji wa Serikali, na idadi yao ilijulikana. Wapangaji wa nyumba ya marehemu baba hawamo katika orodha yoyote ila daftari la balozi.

Mwaka jana alikuja mnunuzi. Hakuja na dalali. Alikuja mwenyewe, kijana mwenye adabu, akavua viatu ukumbini. Anataka kiwanja, si nyumba. Atajenga ghorofa nne, maduka chini na vyumba vya kupangisha juu. Alitaja bei. Nilimwomba airudie, kisha nikajikuta nikimfikiria baba na kicheko chake cha mwaka 1971. Thamani aliyoikosa imetufuata hadi mlangoni, naye hayupo kuichekea.

Tuliitana kikao cha ukoo. Kati yetu watoto watano mmoja alifariki mwaka 2014, na watoto wake wawili wana fungu lake. Mdogo wangu anayenifuata, fundi mwashi wa Morogoro, alipendekeza ubia: mwenye fedha ajenge, nasi tupewe ghorofa moja. Kisha yeye mwenyewe akalitilia shaka pendekezo lake, akatukumbusha jengo lililoporomoka Kariakoo Novemba 2024 na kuua watu zaidi ya 20. Alisema mwashi hulala usingizi mbaya katika nyumba ambayo hakuiona nondo zake. Kitindamimba, dereva wa Mwanza, alisema kwa kifupi tuuze.

Nikasimama mimi, mkubwa wao, nikatoa hotuba. Nilisema yote niliyokuandikia hapa, na mengine. Nilisema juu ya baraza na juu ya balozi. Nilisema tulisomeshwa na wapangaji. Nilipoketi, dada yetu, aliyetoka Dar es Salaam, alinyamaza kitambo, kisha akasema kwa sauti ya chini:

"Kaka, shikamoo. Wewe unawatetea wapangaji wa Majengo. Mimi ni mpangaji wa Mbagala. Nimehama nyumba sita tangu niolewe. Wewe umejenga Kisasa na una pensheni. Mnunuzi akiondoka leo, wewe utakuwa umepoteza hotuba, mimi nitakuwa nimepoteza nyumba."

Nilikosa jibu. Mpaka leo ninapoandika sina, na nimekuwa nikilitafuta. Ni kweli kwamba wema wangu haunigharimu kitu. Ni kweli pia kwamba kama kodi ya vyumba vinne ilitusomesha watano, yeye aliachishwa darasa la saba ili amsaidie mama, na kwa hiyo alisomeshwa kidogo kuliko sisi wote.

Kuna mtu mmoja ambaye hakuwamo katika kikao, ingawa alikuwa uani akisikia kila neno, maana kuta za udongo hazina siri. Ni bibi wa chumba cha nne. Alikuja kutoka Bahi mwaka 1989, mjane mwenye mtoto mgongoni. Huuza mlenda mkavu, ubuyu na karanga katika Soko la Majengo. Mama alipougua, sisi tulituma fedha kwa simu, yeye ndiye aliyemwogesha. Nilipomletea barua ya Sh. 60,000 aliishika kichwa chini miguu juu, kwa kuwa hasomi, akaniambia, "Ahsante mwanangu," kisha akaanza kulipa, na mpaka leo hajakosa mwezi. Sijui anazitoa wapi. Soko liko hatua chache kutoka mlangoni petu. Akihamia pembezoni, chumba atakipata, tena chenye uwanja mkubwa zaidi wa kuanikia, lakini nauli ya daladala ya kwenda na kurudi itakula faida ya mafungu yake ya mlenda kabla hajalifungua gunia.

Dada ndiye aliyetoa shauri, ndugu msomaji, si mimi mwenye hotuba. Alisema tuuze, ila wapangaji wote wapewe miezi sita badala ya mmoja, na katika hiyo miezi sita tusipokee kodi. Na bibi wa chumba cha nne ahesabiwe nusu ya fungu la mtoto. "Alimwogesha mama," alisema, "na mimi nilikuwa Mbagala." Mwashi alikubali. Kitindamimba alikataa, alisema tukianza hivyo, kila aliyepata kutuletea chumvi atadai. Wakili mmoja niliyemuuliza alinieleza kwamba hakuna sheria inayotulazimisha kumpa bibi huyo hata senti tano, wala inayotukataza, maadam warithi wote wametia sahihi. Neno "wote" ndilo lililobaki.

Tutakutana tena Jumamosi ijayo. Dada anakuja kwa treni ya umeme, ile iliyozinduliwa rasmi tarehe 1 Agosti 2024, inayotumia chini ya saa nne kwa safari ambayo baba, katika treni zake, aliilalia njiani usiku mzima. Kitindamimba ameahidi kufika, ingawa kwenye simu sauti yake haikunipa tumaini kubwa. Sahihi yangu nitaitia ya mwisho. Ndiyo njia pekee niliyobaki nayo ya kumngoja.

Juzi nilipita nyumbani kukagua bati. Bibi alikuwa amefagia chumba cha mbele, kile kilichokuwa cha baba, ili dada apate pa kufikia, na ametandika mkeka mpya. Uani palikuwa na makarai matatu ya majani mabichi ya mlenda, maana ndio msimu wake. Mlenda huhitaji siku kadhaa za jua, na baada ya hapo ukapondwe, ukafungwe, ukawekwe mahali pakavu ungoje kiangazi bei ipande.

"Mbukwa, mwanangu," akanisalimu Kigogo, kisha akauliza jambo moja tu, bila ya kuniangalia, akiwa ameinama juu ya karai. Aliuliza aanike, au asianike.

Nikamwambia aanike.